Mwanangu ana kila kitu ila furaha: je, nimpeleke shule ya bweni?

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Ninaishi na mume wangu Goba, pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, katika nyumba tuliyoijenga kwa mkopo na kuhamia kabla haijapakwa rangi. Ninafanya kazi ya uhasibu katika ofisi moja ya Posta, na mume wangu anasimamia miradi ya ujenzi, kazi inayomtoa nyumbani kabla ya jua kuchomoza na kumrudisha saa tatu usiku, na wakati mwingine humpeleka mikoani kwa wiki nzima. Ninakuandikia kuhusu mwanangu wa kwanza, mvulana wa miaka tisa, ambaye mwaka huu yuko darasa la nne katika shule ya kutwa ya mchepuo wa Kiingereza.

Mimi na mwenzangu tulikulia katika shida, na tulipofunga ndoa tuliahidiana kwamba watoto wetu hawatapitia tuliyoyapitia. Mwanangu ana chumba chake, ana tableti, tuna king'amuzi chenye chaneli za katuni, na kila siku yake ya kuzaliwa tunamfanyia sherehe yenye keki na puto. Baiskeli tuliyomnunulia imetundikwa stoo, kwa sababu nje ya geti letu hupita bodaboda na malori ya mchanga, na majirani wenyewe bado hatujawafahamu vizuri. Kwa kweli sijui ni kitu gani amekikosa.

Hata hivyo, tangu mwaka huu uanze amebadilika. Kila Jumapili jioni hulalamika tumbo, na Jumatatu asubuhi humbembeleza dada wa kazi aniambie kwamba ametapika. Mwalimu wake wa darasa anasema amekuwa mkimya, na kwamba kutoka nafasi ya tatu ameshuka hadi ya kumi na nne, wakati mtihani wa upimaji wa kitaifa unamngoja mwishoni mwa mwaka. Tulipoona hivyo tulimwongezea tuisheni ya Jumamosi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Siku za kawaida huamka saa kumi na nusu alfajiri ili awahi basi la shule, hutoka darasani saa tisa na nusu, hubaki tuisheni hadi saa kumi na moja, na kwa sababu ya foleni hufika nyumbani saa moja usiku. Kuna basi la kwanza linaloondoka mara tu baada ya masomo, lakini hilo hupandwa na wadogo na wale wasiobaki tuisheni. Akishaoga na kula, hufanya kazi za nyumbani alizopewa shuleni, na hulala saa nne. Tuisheni si ya lazima kwa maandishi, lakini mtoto asiyebaki huonekana mzembe.

Wiki mbili zilizopita dada wa kazi aliniambia jambo lililoninyima usingizi. Mwanangu alimwambia kwamba anatamani augue malaria kama mwaka jana, kwa sababu alipougua mama alikaa nyumbani siku tatu.

Mume wangu anasema tunamdekeza. Husema kwamba yeye alitembea kilomita saba kwenda shule bila viatu, na hakuna aliyemuuliza kama ana furaha. Pendekezo lake ni kwamba mwakani, mtoto akiingia darasa la tano, tumpeleke bweni, ambako hakuna foleni, atalala kwa kengele na atapata wenzake wa kucheza nao. Fomu ameshaileta. Mimi moyo wangu umegawanyika. Naomba uniambie, mtoto wa zama hizi anahitaji nini hasa ili aufurahie utoto wake? Je, bweni ni jibu? Na mdogo wake wa kike, mwenye miaka minne, tuliyepanga aanze chekechea Januari katika shule hiyo hiyo ya kaka yake, tufanyeje?

Ni mimi, Mama wa Wawili, Goba.

JIBU

Marahaba, mama, na pole kwa mzigo huo. Nimeisoma barua yako nikiwa na kalamu mkononi, kwa sababu katikati ya malezi, ada na mapenzi uliyoyaeleza kuna hesabu ambayo nadhani wewe kama mhasibu ungekuwa umeiona mapema, lau ingekuwa hesabu ya ofisini.

Mtoto anayelala saa nne usiku na kuamka saa kumi na nusu alfajiri amelala kwa muda wa saa sita na nusu. Wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani, ambao mapendekezo yao hutumiwa na madaktari wengi wa watoto, husema kwamba mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa kila siku. Tukichukua kiwango cha chini kabisa, mwanao hupungukiwa saa mbili na nusu kila usiku, na ifikapo Ijumaa deni lake ni saa kumi na mbili na nusu, yaani usiku mzima na zaidi. Jumamosi, siku ambayo mwili wake ungeweza kulipa sehemu ya deni hilo, mmempeleka tuisheni. Sasa geuza hesabu: ili alale kwa muda wa saa tisa na bado aamke saa kumi na nusu, anatakiwa awe usingizini saa moja na nusu usiku, nusu saa tu baada ya kushuka kwenye basi. Kwa ratiba hiyo hakuna hila yoyote ya malezi itakayofaulu, wala nidhamu, wala zawadi. Ratiba yenyewe ndiyo inayomwangusha, na ninashuku kwamba hata kushuka kwake kutoka nafasi ya tatu hadi ya kumi na nne kunatokana zaidi na usingizi kuliko uzembe, kwa maana mtoto mwenye usingizi hushindwa kushika anachofundishwa, husahau alichokishika, na hukasirika au kunyamaza pale ambapo zamani angeuliza swali. Tuisheni mliyoiongeza kama dawa ya alama imekwenda kuchukua saa zile zile ambazo zingezirudisha alama hizo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kupunguza, kabla ya kufikiria kuongeza chochote. Acheni tuisheni ya Jumamosi wiki hii hii. Ile ya jioni, mwandikieni mwalimu wa darasa barua fupi yenye heshima, mkisema kwamba kwa sababu za afya mtoto atapanda basi la kwanza. Akiondoka shuleni saa tisa na nusu, kabla foleni ya jioni haijashika kasi, huenda akafika Goba saa kumi na moja au karibu na hapo, kukiwa bado na mwanga wa kutosha kabla ya magharibi. Atacheza, ataoga, atakula, atafanya kazi ya shule kwa muda mfupi na kulala saa mbili. Bado atakuwa pungufu kwa nusu saa, nakubali, lakini ataifidia Jumamosi na Jumapili akiachwa alale. Kuhusu kuonekana mzembe, hilo ni jambo la kuvumiliwa na ninyi wazazi, si la kulipiwa na mtoto. Hata Baraza la Mitihani lilishaacha kutangaza orodha ya shule kumi bora na wanafunzi bora kitaifa, na sioni kwa nini sebule yenu iendelee na mashindano ambayo baraza lenyewe limeyaacha.

Tumbo la Jumapili jioni lichunguzwe kabla ya kulifasiri. Mpeleke kwa daktari, apimwe minyoo, maambukizi na mengineyo, kwa sababu si haki kumwambia mtoto kwamba anajifanyisha ilhali hajaangaliwa. Lakini maumivu yanayokuja kila mwanzo wa wiki ya shule mara nyingi huwa na habari ndani yake, kwa hiyo ukiwa unasubiri majibu ya vipimo, ulizia pia kuhusu shule. Usimuulize ukiwa umemkazia macho mezani. Muulize mkiwa mnafanya kazi nyingine, mnamenya viazi au mnaanua nguo, maswali madogo: kwenye basi anakaa na nani, yeye humwogopa mwalimu gani, mtoto akikosa hesabu hufanywa nini. Kanuni za Tanzania Bara hazimruhusu kila mwalimu kushika fimbo. Adhabu hiyo ni ya makosa makubwa, hutolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, viboko havipaswi kuzidi vinne, na tukio huandikwa kitabuni. Kukosa swali la kugawanya hakumo katika makosa hayo, na ukigundua kwamba mwanao anapigwa kwa sababu ya alama, nenda kwa mkuu wa shule siku hiyo hiyo. Kama kuna jambo zito zaidi ambalo unaona vigumu kulibeba peke yako, simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, hupigwa bure.

Nimefika mahali ambapo nadhani ndipo barua yako ilipoandikiwa. Mwanao anatamani malaria. Tafadhali usiichukue kauli hiyo kama hukumu juu yako, na pia usikimbilie kuacha kazi, kwa sababu nyumba ina mkopo na mtoto hakuomba hilo. Alichokisema ni sahihi kama hati ya mahakama: katika mwaka mzima, mara pekee anayoikumbuka ambapo mtu mzima aliketi kando yake bila kuwa na haraka ilikuwa alipougua. Jiulize alipata nini katika siku zile tatu. Ninavyofahamu malezi ya kina mama wa huku kwetu, ulimpikia uji, ulimgusa paji la uso kila mara, ulilala naye chumba kimoja, na simu ya ofisini iliita ukaiacha. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho ni lazima kisubiri homa. Ukitoka Posta na kufika Goba jioni, hutaweza kumpa muda wa saa tatu, lakini unaweza kumpa robo saa ambayo ni yake peke yake, kila usiku, kitandani, taa ikiwa imezimwa na simu yako ikiwa chumba kingine, asimulie anachotaka au asisimulie kitu. Watoto wengi husema mambo yao makubwa gizani. Jumamosi asubuhi, badala ya tuisheni, nenda naye sokoni, achague nyanya, abebe kikapu, apambane na hesabu ya chenji. Na baba, ambaye kazi yake ni ya kuvutia sana kwa mvulana wa miaka tisa, amchukue siku moja moja akaone zege linavyomwagwa na nondo zinavyofungwa. Sidhani kama kuna sherehe ya puto itakayoshinda siku hiyo.

Nije sasa kwa mwenzako, ambaye hoja yake ya kilomita saba si ya kupuuzwa, ila hajaimaliza kuisimulia. Muulize alitembea na nani. Ninavyoikumbuka safari ya namna hiyo, mtoto hakuitembea peke yake: walikuwa kundi, wakubwa kwa wadogo, wakipopoa maembe, wakivua kambale kwenye madimbwi, wakigombana na kupatana kabla ya kufika nyumbani, na hapakuwa na mtu mzima aliyewapangia. Shida ilikuwepo, na njaa pia, na wengine waliacha shule kwa sababu hizo, kwa hiyo sitaki kuupamba umaskini. Lakini ndani ya shida ile kulikuwa na saa mbili au tatu kila siku ambazo zilikuwa mali ya watoto wenyewe. Mwanao naye husafiri muda mrefu kwenda shule na kurudi, pengine mrefu kuliko wa baba yake, ila yeye amefungwa kwenye kiti, dirishani, akisinzia. Mmemwondolea miguu peku, jambo jema, na pamoja nayo likaondoka kundi. Mwambie mumeo hivyo, kwa maneno yako, nami natumaini atakumbuka.

Hitaji hilo la kucheza watu wazima hulichukulia kama anasa ya baada ya kazi, ilhali hata sheria haikuliweka huko. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, katika ibara ya 31 unatambua haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza michezo inayolingana na umri wake, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeyataja mapumziko katika orodha moja na uhai, heshima, afya, elimu na malazi. Shirika la Afya Duniani nalo hupendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa angalau dakika 60 kwa siku za kutumia mwili kwa nguvu ya kutosha, wahemewe na watokwe jasho. Lakini hata bila sheria na mashirika, yeyote aliyewahi kucheza kombolela anajua kilichokuwa kikifundishwa pale: kungoja zamu, kushindwa mbele ya wenzako bila kulia sana, kubishana juu ya kanuni hadi mkaelewana, na kumtetea mdogo aliyekamatwa kwa udanganyifu. Rede humfundisha mtoto kukwepa, mdako humfundisha kutuliza mkono, na gololi humfundisha kwamba mali hupatikana na hupotea jioni hiyo hiyo. Mafunzo ya kuogelea na karate ni mazuri kwa wenye uwezo, nami sina ugomvi nayo, ila pale pia kuna mwalimu, filimbi na ratiba. Huyu wenu ratiba anazo za kutosha.

Utaniambia kwamba nje ya geti kuna hatari, na sitakubishia. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009, na matokeo yake kutolewa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na takriban mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Mzazi anayeyajua hayo na bado akamwachia mtoto azurure hadi usiku hajafikiri. Hata hivyo, ukuta haumlindi mtoto ndani ya basi, wala chooni shuleni, wala mbele ya ndugu anayekuja kutembea. Kinachomlinda zaidi ni kujua kwamba mwili wake ni wake, kwamba siri ambayo mtu mzima anamkataza kumwambia mama ndiyo ya kumwambia mama kwanza, na kuwa mahali ambapo watu wazima wengi wanamfahamu kwa jina. Hilo la mwisho ndilo mlilolikosa Goba, na mnaweza kulijenga kama mlivyoijenga nyumba, taratibu. Anza na nyumba mbili au tatu za jirani zenye watoto. Bisha hodi, jitambulishe, peleka sahani ya maandazi kama ulivyofundishwa kwenu. Baada ya wiki chache mkubaliane ua mmoja, Jumamosi na Jumapili alasiri, mzazi mmoja kwa zamu akikaa barazani na shughuli zake, watoto wakiwa na mpira, kamba na vumbi. Huyo mzazi wa zamu asiwapangie mchezo. Wakigombana asiamue mapema. Wakisema wamechoka hawana cha kufanya, awaache hivyo hivyo, kwani michezo mingi huzaliwa dakika ya kumi ya kuchoka huko. Baiskeli nayo ishushwe kutoka stoo, ajifunze ndani ya ua kwanza, kisha baba amtoe barabarani Jumapili asubuhi kabla malori hayajaamka.

Kuhusu tableti nitasema kidogo tu, kwa sababu sioni kwamba ndiyo chanzo. Ukiitazama siku ya mwanao, ile tableti ndicho kitu pekee ambacho hakuna aliyempangia, na ukiinyang'anya leo bila kumpa mahali pa kucheza na wenzake utakuwa umemwondolea kipande cha mwisho alichokuwa anakimiliki. Mpe kwanza mbadala, kisha weka mipaka: isiingie chumba cha kulala, isiwepo mezani wakati wa kula, ifungwe saa moja kabla ya kulala. Mipaka hiyo iwahusu pia baba na mama, vinginevyo mtoto ataitii kwa mdomo na kuidharau moyoni.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza, nami naona lisipotajwa jibu litakuwa na pengo. Barua yako nzima imejaa vitu anavyopewa mwanao na mambo anayofanyiwa, lakini sikuona mahali ambapo nyumba inamtegemea yeye. Dada wa kazi hufua soksi zake, hutandika kitanda chake na, nahisi, hata begi la shule humpangia. Mvulana wa miaka tisa anaweza kufua soksi, kumwagilia mchicha, kulisha kuku, kuchemsha chai Jumapili asubuhi chini ya uangalizi na kumsomea mdogo wake hadithi. Mpeni kazi moja iliyo yake, ambayo asipoifanya pengo lake litaonekana, na msiifanye kwa niaba yake akisahau. Kuku wakikosa maji kwa sababu yake atajisikia vibaya, na atajisikia mtu. Vilevile, likizo ya Juni ikifika, kama bibi au babu wapo kijijini na wana nguvu, apelekwe huko wiki mbili tatu. Watoto wengi wa mjini sasa humjua bibi kwa picha ya simu, na wakikutana hawana lugha ya kusemezana zaidi ya salamu, kwa sababu mtoto ana Kiingereza cha shule na Kiswahili cha katuni, na bibi ana Kipare au Kihaya chake. Wiki tatu za kuchunga mbuzi na kuulizwa maswali jioni huziba sehemu ya pengo hilo, hata kama atarudi na funza mguuni.

Sasa bweni. Mume wako ni mtu makini, na sababu alizozitaja, yaani foleni, usingizi na wenzake, ni sababu halisi. Ninachokipinga ni tiba. Mwaka 2023 Kamishna wa Elimu alitoa waraka uliosimamisha huduma ya bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne, kwa maelezo kwamba umri huo mtoto anahitaji malezi ya karibu ya wazazi wake. Kuanzia darasa la tano inaruhusiwa, ndiyo, lakini ruhusa ya waraka haimaanishi kwamba kila mtoto amekomaa siku anapovuka darasa. Wapo wanaokwenda bweni wakachanua, hasa waliolitaka wenyewe, au ambao nyumbani hapana usalama, au ambao shule iko mbali mno na kijiji. Mwanao hayumo katika makundi hayo. Yeye amesema, kwa lugha ya mtoto, kwamba anamkosa mama, na mtoto anayemkosa mama akapelekwa mahali atakapomwona siku za kutembelewa tu anaweza kuelewa kwamba alisema kosa. Hatasema tena. Bweni pia lina preparesheni ya usiku na kengele ya alfajiri, kwa hiyo hata ule usingizi anaotarajia baba hauna uhakika. Kabla hamjalipia nafasi, chukueni ada ya bweni muilinganishe na ada ya shule nzuri iliyo karibu na kwenu, ambayo mtoto ataifikia kwa dakika ishirini. Huenda majengo yake si ya ghorofa na jina lake halitajwi kwenye harusi, lakini saa tatu au nne atakazookoa kila siku zina thamani kubwa kuliko jina. Hilo ndilo hama-hama ambalo ningeliunga mkono mwakani, baada ya mtihani wa darasa la nne, na mtoto mwenyewe akishirikishwa, akaoneshwa darasa na uwanja.

Zungumza na mumeo siku ambayo hajachoka, na uanze na hesabu ya usingizi kabla ya kufikia malaria, kwa sababu wanaume wengi wa kazi yake huamini vipimo upesi kuliko machozi. Mwombe jambo moja tu: fomu ya bweni isijazwe hadi mtoto amalize muhula mmoja akilala vya kutosha na akicheza. Kama baada ya muhula huo tumbo bado linauma, hata wakati wa likizo, kama hataki kucheza na wenzake hata wakimjia, au kama atasema maneno ya kutotaka kuishi, msiendelee kungoja. Hospitali za rufaa zina wataalamu wa afya ya akili wanaohudumia watoto, na kwenda kwao si aibu kwa familia.

Kuhusu binti yako, jibu langu ni hapana. Mtoto wa miaka minne asiamshwe saa kumi na nusu alfajiri kwa ajili ya chekechea yoyote, hata ikiwa ni ya kaka yake na mkiahidiwa punguzo la ada. Umri huo Shirika la Afya Duniani humtaka alale saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana, na achezecheze kutwa. Mtafutieni chekechea ya mtaani kwenu inayofikika kwa miguu, itakayomwachia mapema, ambako watoto huchezea mchanga zaidi ya madaftari. Januari mwende mkaione darasa likiwa linaendelea, si siku ya maonesho kwa wazazi, na mkikuta watoto wa miaka minne wameketi kimya wakinakili ubaoni, endeleeni kutafuta.